Mrejesho: Muheza hadi Amani kwa baiskeli

Wakuu, niliuliza hapa kama barabara ya vumbi ya Muheza kwenda Amani, kwenye milima ya Usambara Mashariki mkoani Tanga, inafaa kwa baiskeli yenye usukani wa kupinda na tairi pana kiasi, au nitafute ya mlimani. Nimeenda, nimerudi. Inafaa, ila nendeni kiangazi.

Kutoka Muheza ni mashamba na vijiji, mteremko na mlima mdogo mdogo, hakuna cha kusimulia sana. Utamu unaanza Sigi, kwenye geti la hifadhi ya msitu wa Amani, ambapo bado lipo jengo la stesheni ya reli ya Wajerumani iliyokuwa ikishusha mbao. Hapo unalipia kiingilio. Mto Zigi uko jirani. Maji yake ndiyo wanayokunywa watu wa Tanga, kupitia bwawa la Mabayani.

Kisha kupanda. Kona juu ya kona, msitu umefunga pande zote, jasho halikauki kwa unyevu. Aliyenishauri nipunguze upepo kwenye tairi, ubarikiwe: mawe yalikuwa mengi, na penye kivuli udongo mwekundu unateleza hata bila mvua. Gia nyepesi ni lazima. Juu kuna bustani ya mimea ya tangu 1902, halafu chai ya Kwamkoro na Bulwa, njia tambarare kidogo, kwangu mimi ndiyo tamu kuliko zote.

Kushuka, kagueni breki kwanza. Kwenye kona pigeni kengele, pikipiki zinapanda kwa fujo.