Waandishi wa tamthilia wanafanyaje mpaka hadithi inamgusa mtu?

binti_wa_barabara_ya_13:
Habari zenu wakuu. Nimeandika tamthilia fupi, episodi 3, mjane ananyang'anywa nyumba na mashemeji. Tukaigiza ukumbi wa mtaani, ilipofika pale mzee wa busara anawaeleza mashemeji haki za mjane, kinamama wakaanza kupiga stori zao, mmoja akatoa simu kabisa. Na hayo mambo yapo mtaani kwetu, wanayajua! Iliniuma sana. Nakosea wapi?

fundi_skripti:
Pole dada. Huyo mzee ndo kakuharibia, anajua kila kitu toka mwanzo sasa nani amsubiri wiki ijayo? Mexico kuna mtunzi anaitwa Miguel Sabido, 1975 alifanya tamthilia ya Ven Conmigo, watu wazima wanaojifunza kusoma, yeye alikuwa anapanga wahusika wema, wabaya, alafu wa katikati anayeyumba, na uzito wote anamtwisha huyu wa katikati maana ndo anafanana na sisi tuliokaa kwenye kochi. Mle kuna babu anahangaika na herufi wee mpaka anahitimu, ndo anasoma mwenyewe kwa mara ya kwanza barua za mjukuu wake. Hakuna aliyehubiri, ni babu na karatasi tu. Baada ya hapo watu wakamiminika kufuata vitabu vya kusomea.

msikilizaji_wa_zamani:
Naunga mkono. Japo ilikuwa redio, mi nakumbuka Twende na Wakati ya Radio Tanzania (RTD), ilianza 1993. Mama alikuwa anaacha maharage yanaungua jikoni kisa Mkwaju, dereva wa lori, mlevi, kila safari na wanawake wake. Wangetaka wangemuua mapema ili tujifunze, lakini walimwacha aishi, acheke, tumzoee, huku mkewe Tunu anachoka taratibu mpaka anasimama kwa biashara yake mwenyewe. Kwa hiyo Mkwaju alipokuja kuugua ukimwi ilikuwa kama jirani yetu ndo anaumwa, nyumba nzima kimya. Huwezi kupata hiyo kwa episodi 3 dada yangu, mpe mtazamaji muda.

binti_wa_barabara_ya_13:
Asanteni mno, nimeelewa. Mzee namtoa. Nina shemeji mdogo, nilimweka anabeba viti tu, huyu alilelewa na huyo huyo mjane, kamsomesha, na sasa anataka kuoa hana pa kukaa, na kaka zake wamemwambia chumba cha mbele ni chako ukikubali.

fundi_skripti:
Huyo sasa! Ila usimfanye aamue haraka, na asiseme lolote kuhusu haki. Mjane anampakulia chakula kama siku zote, anamwekea na kile kipande anachopenda, yeye ufunguo wa kufuli jipya uko mfukoni. Kata hapo hapo, wape wiki nzima.