TUPEANE UZOEFU: Kampuni yako ya simu ikiuzwa au ikiungana na nyingine, wewe ulibaki na nini?

MtuWaBondeni (Nakuru)

Wadau, tangu Vodacom itangaze Desemba 2025 kwamba inataka kununua asilimia 15 ya Safaricom kutoka kwa serikali, kikundi chetu cha familia cha WhatsApp hakina amani. Binamu mmoja anaapa bando zitapanda bei. Mwingine anataka kuuza hisa zake kesho asubuhi. Shangazi yeye anauliza tu kama atalazimika kubadilisha nambari. Mabishano ya watu wasiopitia lolote yamenichosha, nawataka walioyapitia.

Tutenganishe mambo kwanza. Kuna kampuni kubadilisha mmiliki, na kuna kampuni mbili kuwa moja. Laini za 0733 ni mfano wa hilo la kwanza: KenCell mwaka 2000, Celtel 2004, Zain 2008, kisha Airtel 2010 pale Bharti ya India ilipotoa dola bilioni 10.7 kuchukua biashara ya Zain katika nchi 15 za Afrika. Majina manne, nambari ile ile. La pili ni nadra kwetu. Lililokamilika ni la mtandao wa yu mwaka 2014: wateja wakaenda Airtel, minara na mitambo ikaenda Safaricom. Lililovunjika ni la Airtel na Telkom, lililotangazwa Februari 2019, likapata kibali cha Mamlaka ya Ushindani mwishoni mwa mwaka huo, halafu likazikwa Agosti 2020.

Simulia ya kwako, si ya jirani. Na kama una kinyongo na mtu au kampuni, usitaje jina, sitaki uzi huu ufungwe.

MamaKibuye (Kisumu)

Mimi nilikuwa yu, tena yu damu. Tulikuwa akina mama kama ishirini hivi wa mitumba hapo Kibuye na wote tulichukua laini hiyo kwa makubaliano, kwa sababu kupigiana sisi kwa sisi ilikuwa rahisi sana. Bale likifunguliwa alfajiri, mmoja anapiga simu, wote tunajua kama ni sweta au ni mapazia. Wateja na watu wa nyumbani tuliwapigia kwa laini nyingine. Ndiyo maana kila mtu alikuwa na simu mbili, moja ya maana na moja mulika mwizi.

Ilipouzwa nambari haikubadilika. Yangu inaanza na 075 na nipo nayo hadi leo. Kwenye ubao wa kibanda sikufuta hata tarakimu moja, na wenye madeni hawakupata kisingizio. Kwa hiyo mwambie shangazi alale.

Kilichoondoka ni ule mduara wetu. Hakuna aliyetufukuza, ila sababu ya kukaa pamoja iliisha. Mmoja akahama, wa pili akamfuata, na baada ya muda simu ya kuulizana bei ya bale ikawa inagharimu vile inavyogharimu kwa mtu yeyote. Kulikuwa na faida pia, nisiwe mchoyo: nilipokuwa nikienda Ahero zamani laini ilikuwa inakata kata njiani, baadaye ikatulia. Lakini ukiniuliza ningechagua nini, ningechagua bei. Mimi sipigi simu nikiwa Ahero, napiga nikiwa sokoni.

Wakala_Kaptembwo (Nakuru)

Mama umesema la mteja. Sisi wa kibanda hatuhesabiwi kabisa kwenye hizi habari.

Kibanda changu kimepakwa rangi na kampuni mara nyingi kuliko nyumba yangu. Jina likibadilika wanakuja vijana na ndoo, asubuhi unafungua duka jipya. Hiyo ni raha, rangi ni ya bure. Shida ni stoki. Zama za kadi za kukwaruza ulikuwa unanunua kwa msambazaji kwa pesa taslimu, na jina jipya likitangazwa kwenye redio mteja anakuuliza, "Hii ya zamani itaingia kweli?" Ilikuwa inaingia, lakini ujaribu kumshawishi mtu aliyeshika noti ya hamsini.

Pesa za simu ni jambo zito zaidi. yu walikuwa na yuCash. Mimi sikuwa na floti kubwa humo (pesa ambayo wakala anaiweka kuhudumia wateja), lakini nilijifunza kitu ambacho nakifuata hadi leo: nikisikia tu kampuni inazungumza na nyingine, floti naishusha kiwango cha kutosha wateja wa siku. Pesa ya mteja haipotei, wenye mamlaka wanaiangalia hiyo. Komisheni yangu mimi hakuna anayeiangalia. Kuna msambazaji mmoja, jina lake analijua yeye na Mungu, aliniambia nisubiri "mfumo mpya utulie" ndipo anilipe. Mfumo ulitulia, yeye akahama mji.

Njoro2010

Nyote mnasema kama kuuzwa ni hasara. Nilikuwa mwanafunzi Egerton mwaka 2010. Bharti walipochukua tu Zain, mwezi Agosti bei ya kupiga ikashushwa hadi shilingi 3 kwa dakika, mtandao wowote. Meseji shilingi 1. Wengine wakalazimika kufuata. Sisi kule Njoro tuliongea hadi masikio yakawaka. Vita vya panzi, furaha ya kunguru.

MtuWaBondeni

Kweli kabisa, ila usisahau kilichofungua njia. Mwaka huo huo tume ya mawasiliano ilikuwa imekata ada ambayo mtandao mmoja unaulipa mwingine kwa kuunganisha simu, kutoka shilingi 4.42 hadi 2.21. Bila hiyo, shilingi 3 ingekuwa hasara kwa kila dakika iliyovuka mtandao. Na pale aliyeuziwa aliingia kushindana, hakuingia kummeza mshindani. Mitandao ilikuwa minne kabla na ikabaki minne baadaye. Hilo nadhani ndilo la kuuliza kwanza kila mara: baada ya mauzo, wamebaki wangapi?

NekesaKansas (sasa Bungoma)

Hapo kwenye "wamebaki wangapi" nina la kusema, maana niliishi Kansas miaka mingi na makao makuu ya Sprint yalikuwa Overland Park, karibu na nilipokuwa nafanya kazi. Nusu ya kanisa letu ilikuwa na laini ya Sprint.

T-Mobile na Sprint walitangaza kuungana Aprili 2018. Majimbo kadhaa yakiongozwa na New York na California yakaenda mahakamani kupinga, yakisema mitandao mikubwa ikitoka minne hadi mitatu mwananchi ataumia. Jaji akayakatalia majimbo Februari 2020, na tarehe 1 Aprili ndoa ikafungwa. Serikali ilikuwa imeweka sharti: kampuni ya Dish ichukue Boost Mobile, ambayo ilikuwa ya Sprint, na ijenge mtandao wa nne. T-Mobile nao wakaahidi kutopandisha bei kwa miaka mitatu.

Kwa mteja kama mimi mwanzo haukuwa na kelele. Nambari ile ile, bili ile ile, baadaye jina likabadilika. Mshangao ulikuwa wa simu yenyewe. Sprint walitumia teknolojia ya CDMA, ambayo si ile tunayotumia hapa Kenya, na mwaka 2022 mtandao huo ukazimwa. Simu za zamani zikawa za kuangalia saa tu. Tulitumiwa ujumbe mapema, wengi tukabadilisha. (Wale mliowahi kuletewa simu nzuri na ndugu wa Marekani mkakuta haina hata mahali pa kuweka laini, sasa mnajua ilitoka wapi. Msitulaumu, nasi hatukujua.)

Ahadi ya miaka mitatu ilitimia, ikaisha, na mwaka 2024 T-Mobile ikapandisha bei ya baadhi ya vifurushi vya zamani. Na huo mtandao wa nne? Mwaka 2025 EchoStar, ambayo ndiyo mama wa Dish, ikakubali kuuza masafa yake ya mawimbi ya simu kwa AT&T kwa dola kama bilioni 23 na mengine kwa SpaceX kwa dola kama bilioni 17. Wateja wa Boost wanabebwa kwenye mitambo ya wengine. Yaani sharti ambalo mahakamani lilisaidia kuruhusu muungano halikufika hata miaka sita. Siku hizi nikisikia "tumekubali kwa masharti" nauliza masharti hayo nani ataketi kuyalinda.

Wenye hisa wa Sprint walipewa hisa moja ya T-Mobile kwa kila karibu kumi walizokuwa nazo. Dada mmoja wa kanisani alilia akidhani ameibiwa tisa. Aliposhikilia akaja kucheka.

MwalimuMstaafu_Kakamega

Wanangu, hapo kwenye hisa mniachie mimi.

Mwaka 2008 tulipanga foleni kwa hisa za Safaricom. Zilikuwa bilioni 10, shilingi 5 moja, na huwezi kuomba chini ya 2,000, yaani shilingi 10,000. Walimu tulichukua mikopo ya SACCO. Maombi yalizidi hisa, tukapewa sehemu na pesa nyingine tukarudishiwa. Kufikia 2009 hisa ilikuwa chini ya shilingi 3, na stafurumu palikuwa kimya kama pana msiba. Waliouza, waliuza. Mimi sikuuza, wala si kwa ujanja, fomu ya dalali ilinichosha. Mwaka 2021 ilipita 40, miaka miwili baadaye ikawa chini ya 15. Katikati ya yote hayo mgao wa faida umekuwa ukiingia, na ndio uliolipa karo ya kitinda mimba.

Lakini hiyo si habari ya kuuzwa. Habari ya kuuzwa ni AccessKenya, kampuni ya intaneti iliyoingia soko la hisa 2007 kwa shilingi 10. Ilishuka, ikakaa chini huko kwa muda mrefu, nami nikaisahau. Mwaka 2013 Dimension Data ya Afrika Kusini ikatoa ofa ya shilingi 14 kwa kila hisa, kwa kila mwenye hisa, mkubwa kwa mdogo. Tukalipwa, kampuni ikaondolewa sokoni. Kwa waliokata tamaa ilikuwa mana.

Sasa angalieni tofauti. Katika tangazo la Vodacom, shilingi 34 ni bei ya hisa za serikali. Ni juu ya bei ya sokoni ya siku zile, na serikali inapata takriban bilioni 204. Vodacom ikichanganya na asilimia 5 za Vodafone, juu ya zile ilizokuwa nazo tayari, inafika asilimia 55. Mimi na hisa zangu hatumo kwenye hesabu hiyo. Kwa kawaida anayechukua udhibiti wa kampuni iliyo sokoni hutakiwa atoe ofa kwa wote, isipokuwa aombe Mamlaka ya Masoko ya Mitaji imwondolee sharti hilo. Kwa hiyo binamu anayeuza kesho asubuhi ajue: atauza kwa bei ya ubao, hakuna mtu anayemngoja na 34 mkononi.

Wakala_Kaptembwo

Mwalimu, na sisi wa Airtel tununue wapi hisa?

MwalimuMstaafu_Kakamega

London au Lagos. Airtel Africa iliorodheshwa huko 2019. Soko la Nairobi halina.

ShambaLaButere

Niliogopa kuandika kwa sababu yangu si ya mteja wala ya mwekezaji. Ni ya mwenye ardhi.

Kwangu kulikuwa na busta, yaani mnara wa simu. Kampuni fulani ilikodi kipande kidogo juu ya kilima, wakaweka ua, jenereta na mlinzi. Mlinzi alikuwa mpwa wangu. Kodi ililipwa kwa mwaka, mkupuo mmoja, na kwa mtu wa miwa ambaye kiwanda kinamlipa kikijisikia, pesa inayokuja tarehe inayojulikana ni kitu kikubwa. Nilijenga nayo nyumba ya mabati hatua kwa hatua. Kijijini niliitwa Mwenye Mtandao.

Kisha kampuni ikauzwa. Barua ikaja kwamba mkataba umehamishiwa kwa mmiliki mpya, masharti hayabadiliki. Nikafurahi. Ambacho barua haikusema ni kwamba mmiliki mpya tayari alikuwa na busta lake ng'ambo ya bonde, unaliona ukisimama kwangu. Nani atalipia mafuta ya jenereta mbili kuhudumia watu wale wale? Wakati wao wanasema Nairobi kwamba kuungana kunapunguza gharama, gharama yenyewe ni mimi na mpwa wangu.

Notisi ilikuwa ya miezi mitatu, na ilikuwa halali. Ipo kwenye mkataba ukurasa wa nyuma. Walifungua vyuma, wakapakia kwenye lori, wakabeba hata ua. Kodi ya mwaka ule ilikuwa imeshalipwa, hawakunidai. Zege la msingi wakaliacha, na trekta haliwezi kulima pale. Mpwa alipata kazi ya bodaboda, sasa ananishinda kipato, huyo asihurumiwe.

Mtandao kijijini haukupotea. Majirani hawakugundua lolote. Hilo nalo lilinikera kidogo.

Kuresoi_Mpya

Mzee wa Butere, umeniokoa. Kuna watu wamenijia wiki hii wanataka kuweka mnara kwangu, na mkataba uko mezani. Si kampuni ya simu, ni kampuni ya minara yenyewe. Nisome nini?

ShambaLaButere

Hao wa minara ni afadhali, maana wanaweza kupangisha mitandao miwili mitatu kwenye mnara mmoja, mmoja akimezwa wengine wamebaki. American Tower walinunua minara ya Telkom Kenya mwaka 2018 kwa biashara hiyo hiyo. Lakini usitie sahihi bado. Soma kifungu cha notisi, na uombe mwaka badala ya miezi. Soma kifungu cha kuhamisha mkataba, waandike kwamba ukihamishwa kodi haishuki. Halafu ongeza kwa mkono wako kwamba wakiondoka wang'oe zege na warudishe udongo, kwa gharama yao. Hicho cha mwisho watakikataa. Usikubali.