MREJESHO: Kushuhudia Likoni peke yangu

Bwana asifiwe wapendwa. Mwezi uliopita niliuliza kama niendelee kushuhudia habari za Yesu huko Likoni, Mombasa, peke yangu, maana wenzangu walikuwa wakichelewa na kugombania nani ahubiri. Wengi mlisema nirudi kundini. Nilinuna, lakini nikarudi.

Kilichonigusa ni yule aliyenikumbusha Krapf, mmisionari Mjerumani. Alifika Mombasa 1844, akamzika mkewe na mtoto mchanga mwaka huohuo. Kituo cha misheni cha Rabai, karibu na Mombasa, kilikuja kuanza 1846, mmisionari mwenzake Rebmann alipojiunga naye. Hilo nilikuwa nalijua tangu shule, ila sikuwahi kuliweka juu yangu.

Basi Jumamosi tukavuka feri wanne. Kuna mama muuza mahamri ambaye mimi amenifukuza mara tatu: "Kesho, mwanangu, kesho." Safari hii dada mmoja wa timu hakuhubiri chochote. Alivuta kibao, akaomba kifimbo, akamsaidia kusukuma unga, wakaongea habari za mjukuu mwenye homa. Mahamri yalipoisha kuiva, mama mwenyewe akasema, "Basi niombee huyo mtoto."

Kuchelewa bado kupo, na bado kunanikera. Jumamosi hii nimeambiwa spika ibaki nyumbani, nije na kifimbo changu cha kusukumia unga.