Tupeane uzoefu: helmeti kwenye baiskeli za mazoezi, iwe sheria au kila mtu na kichwa chake?

Wakuu, Jumamosi iliyopita tulikuwa tunapiga pedali kwenda Bagamoyo, alfajiri kabisa, kufika Mapinga kuna mchanga umemwagika kwenye lami tairi la mbele likateleza nikaenda chini kama gunia. Helmeti ikapasuka, mimi nimetoka na michubuko na bega. Wife anasema serikali iwabane waendesha starehe kama inavyowabana bodaboda, mi sijui, bodaboda wenyewe helmeti imening'inia kwenye usukani. Leteni yenu, yaliyokukuta mwenyewe sio ya kusikia.

Mzee wa Cheni: Pole mkuu. Hiyo helmeti tupa, usiigundishe. Lile povu gumu jeupe la ndani likishabonyea kwa kishindo kimoja kazi yake imeisha, hata kama nje unaona iko poa. Mi nilinunua ya mtumba Karume, kumbe ilishaanguka na mzungu wake huko, nimekuja kujua nilipobandua sponji ya ndani nikakuta ufa.

Dada Melbourne: Huku jimbo la Victoria, Australia, sheria ipo tangu 1990, ndio walioanza duniani. Mwezi wangu wa kwanza nikaazima baiskeli nikimbilie mkate hapo tu karibu, polisi huyu hapa, faini. Nililia jamani. Siku hizi navaa, ila nikisuka rasta haiingii, basi hiyo wiki natembea kwa miguu na mazoezi yanakufa.

Utrecht Boy: Uholanzi bibi wa miaka themanini yuko kwenye baiskeli kichwa wazi na maua kwenye kikapu. Wanaovaa ni wale wa baiskeli za mbio. Lakini wana njia zao, hakuna daladala inayowachomekea. Huwezi kuchukua uhuru wao ukaziacha zile njia zao.

Skater wa Nai: Mimi ni skates, Sunday. Nilianguka kinyumenyume, kichwa wazi, nikaamkia hosi na ile siku yote siikumbuki. Wakasema nimepona. Kitu hakikurudi ni harufu, miaka mitatu sasa, chai ya mathe nakunywa kama maji moto, na gesi ikivuja kwa nyumba mpaka niambiwe. Sheria ingenisaidia? Sidhani, ningeivua nikifika kona. Nilikuwa na 19.

Mama Sabra: Mnajadili watu wazima, Idd pale uwanjani watoto wanakodi baiskeli mia tano raundi. Wangu aling'oka meno mawili, na helmeti isingeyafikia hayo. Leta sheria, yule kaka atanunua helmeti ngapi, na chawa je? Mi nataka breki kwanza, zile baiskeli hazina hata moja.

Mleta mada: Mama Sabra hapo kwenye breki umenimaliza. Skater pole sana ndugu yangu, hiyo ya gesi imenikaa. Mzee wa Cheni, niliitupa juzi kama ulivyosema. Leo asubuhi nimemwona bodaboda wa kijiweni kaivaa, kaizungushia selotepu.