Nimeshinda bahati nasibu ya Green Card, niache kazi niende au nibaki? Naombeni ushauri

Njia Panda: Wakuu, habari za usiku. Nina miaka 31, kazi ninayo ila mshahara unakata tarehe kumi. Nilicheza bahati nasibu ya Green Card, kile kibali cha kuhamia Marekani, jina limetoka. Marafiki wanasema ondoka. Mama anasema nikiondoka nitamzika kwa simu. Tangu juzi silali. Niende au nibaki? Wenye matusi piteni tu.

Kifimbo: Nenda mkuu. Ukifika unikumbuke hata kwa soksi.

Mzee wa Kumbukumbu: Vijana mnauliza kana kwamba kuhama kumeanza jana. Ugonjwa wa viazi ulipoingia Ireland mwaka 1845, watu kama milioni moja walikufa na wengine zaidi ya milioni wakapanda meli. Waliofika Marekani waliitwa walevi, wachafu, vibaraka wa Papa. Mwaka 1960 kitukuu wa wahamiaji haohao, John F. Kennedy, akachaguliwa rais. Wachina nao walipasua milima kwa nyundo na baruti, reli ikaunganisha nchi mwaka 1869. Shukrani waliyopewa ni sheria ya 1882 ya kuwafungia mlango. Kwa hiyo ukienda usitegemee vigelegele.

Sauti ya Upole: Mzee, somo zuri ila kijana hajauliza habari za reli. Njia Panda, fomu ulijaza mwenyewe?

Njia Panda: Hapana dada, alinijazia jamaa mmoja wa steshenari. Siku hizi si kila mtu anajaziwa?

Sauti ya Upole: Aliandika una mke au huna?

Njia Panda: Hilo linahusiana vipi na swali langu?

Tuliza Boli: Ahaa. Tema yote kaka, usiku bado mrefu.

Njia Panda: Sawa. Kwenye fomu kuna mke. Simjui. Jamaa alimweka kwa sababu ndugu zake huyo dada watalipia kila kitu: vipimo, viza, tiketi. Mimi hizo hela sina. Tunafunga ndoa ya karatasi, tukifika kila mtu anashika njia yake. Na kabla hamjanirukia, ninaye mama wa mtoto wangu, ila hatujafunga ndoa. Nitawavuta baadaye. Kazini barua ya kuacha nimeshapeleka.

Ustadhi Kijana: Umepeleka barua halafu unaomba ushauri? Na ndoa unaifanya mzaha. Mwanamume akianza safari kwa kiapo cha uongo, huko aendako atamwamini nani?

Sauti ya Upole: Ustadhi, subiri kidogo. Mtoto yumo kwenye fomu?

Njia Panda: Hayumo. Bado mdogo, hasafiri.

Sauti ya Upole: Hapo ndipo penye shida. Masharti yanataka watoto wako wote wa chini ya miaka 21 ambao hawajaoa wala kuolewa waandikwe, hata asiyeishi nawe, hata asiyesafiri. Kumwacha mmoja kunatosha kukuondoa. Na huyo mke wa kubandikwa, ofisa wa viza hazuiliki kumshtukia. Ukikutwa na udanganyifu unaweza kufungiwa maisha.

Njia Panda: Wengi wamepita njia hiihii, dada. Hata hao Waairishi wa mzee hawakuwa malaika.

Zamu ya Usiku: Mimi niko Kanada, nilikuja kwa pointi. Tangu 1967 wanakupima kwa elimu, umri na lugha. Nikajiona nimechaguliwa kwa shahada yangu ya uhasibu, kumbe mwaka wa kwanza wote nasukuma vitanda vya wagonjwa. Leo kuna usiku wodini kwetu hakuna hata mmoja aliyezaliwa hapa: daktari, muuguzi, mfagiaji, wote wa kuja. Anayetusema vibaya mchana tunamgeuza ubavu usiku. Nimesahau nilitaka kushauri nini.

Tuliza Boli: Jamani, hii ni chai. Mleta mada, jina "limetoka" wapi? Washindi hawatumiwi barua pepe ya pongezi. Mtu anaangalia mwenyewe kwenye tovuti rasmi kwa namba ya uthibitisho. Wewe uliangalia mwezi gani?

Njia Panda: Aliangalia jamaa, akanionyesha kwenye simu yake. Namba anayo yeye. Atanipa tukishafunga ndoa.

Kifimbo: Basi soksi zangu ndiyo zimekwenda.

Tuliza Boli: Ama unatutungia, ama unaliwa wewe. Na hata ikiwa kweli, wanaochaguliwa ni wengi kuliko viza zenyewe, ambazo hazizidi 55,000 kwa mwaka. Ikifika tarehe 30 Septemba ya mwaka wao wa fedha hujapata, imekula kwako. Kesho asubuhi kaichomoe ile barua.

Njia Panda: Bosi ameshatangaza nafasi yangu. Na sijatunga, mkuu. Ningetunga ningejipa mke ninayemjua.

Sauti ya Upole: Namba iliyopotea hutafutwa palepale kwenye tovuti kwa jina, tarehe ya kuzaliwa na barua pepe iliyojazwa. Jaribu sasa hivi. Barua pepe ni yako?

Njia Panda: Ya jamaa.

Mama Wawili: Samahani, nimechelewa kuingia. Huyo mama wa mtoto naye huwa anapita humu?

Njia Panda: Wasimamizi, naombeni mfute huu uzi.