Wahandisi mnaoleta mafaili ya Civil 3D na kusema "wewe printi tu", mnatutesa!

Wakuu, leo nimefika hapa na sitazungumza kwa upole. Nafanya kazi ya michoro ya Civil 3D, programu ya kompyuta ya kuchorea barabara na mitaro, hapa Dodoma na mafaili ya watu yamenichosha.

Juzi nimeletewa mchoro wa barabara za mitaa upande wa Nzuguni. Kwenye kioo cha kompyuta, safi kabisa. Nimeupeleka kwa dada mwenye plota (printa ya karatasi kubwa) mjini, karatasi ya A1 inashuka taratibu, nikatamani kukimbia. Pembetatu za safesi, yaani uso wa ardhi uliochorwa kwa kompyuta, zimetanda toka kona hadi kona kama wavu wa dagaa. Kalvati la kwenye korongo halipo. Fremu za vyupoti, yale madirisha ya kuonyesha mchoro kwenye karatasi, zimetoka nyeusi, nene. Mstari wa katikati ya barabara mwekundu! Dada anataka hela yake, na ana haki, wino umeshakwenda. Mteja yuko Mtumba anapiga simu.

Nampigia aliyechora, ananijibu: "Zima leya tu hiyo."

Leya, yaani tabaka la mchoro unaloweza kuliwasha na kulizima, ipi mkuu? Safesi ya Civil 3D si rundo la mistari. Ni kitu kimoja, na kinachoonekana kinaamuliwa na staili yake, yaani mipangilio ya mwonekano. Ndani ya staili kuna mpaka, kontua (mistari ya mwinuko wa ardhi) kubwa, kontua ndogo, pembetatu, kila kimoja na leya yake na taa yake ya kuwasha na kuzima. Nikigandisha (nikificha kwa freeze) leya iliyobeba safesi yenyewe, kontua nazo zinaondoka. Na kontua ndizo mkandarasi anazitafuta ajue maji yatapita wapi. Korongo la huku unalijua: kavu kiasi cha watoto kuchezea mpira, ikinyesha huko juu linabeba gari. Ilitakiwa atengeneze staili ya kuchapishia yenye kontua peke yake, pembetatu zimezimwa, aipachike kwenye safesi kabla ya kunipa faili. Ni kazi ya dakika chache!

Kalvati je? Nimelikuta kwenye leya ya Defpoints. Leya hiyo haiprintiki, imeumbwa hivyo, kwenye kioo unaiona lakini karatasi haiijui. Mtu anatupia kila kitu humo kwa sababu kuna siku ilimsaidia kuficha mistari yake ya kupimia. Ukitaka kuficha mistari ya kupimia au fremu za vyupoti, fungua leya yake mwenyewe, bonyeza alama ya printa kwenye orodha ya leya, imekwisha. Unaiona ukifanya kazi, karatasini haitoki.

Wengine nao wanagandisha leya kwenye modeli nzima ili karatasi moja ipendeze. Nguzo za umeme zimefichwa kwa ajili ya mchoro wa mitaro, halafu mchoro wa kuhamisha huduma unatoka bila nguzo hata moja. Aisee! Kila vyupoti ina safu yake ya kugandisha, VP Freeze, haigusi karatasi nyingine. Miaka yote hiyo kazini hujawahi kuisogeza orodha upande wa kulia ukaiona?

Ule mstari mwekundu sasa. CTB, faili dogo la mipangilio ya kuprinti, ndiyo inayosoma rangi ya mstari na kusema utoke mweusi na kwa unene gani. Umenitumia DWG tupu, faili la mchoro peke yake, kwa WhatsApp, CTB imebaki kwenye laptop yako, ulitegemea nini? eTransmit ipo humo humo kwenye programu, inafunga faili, mafaili ya rejea (michoro mingine iliyounganishwa humo) na CTB kwenye kifurushi kimoja. Na kama leya za faili la rejea umezipanga vizuri lakini ukifungua tena zimejirudia zilivyokuwa, angalia VISRETAIN, mpangilio wa programu unaotunza hali ya leya hizo, iwe 1. Hili silaumu sana, linasumbua hata wazoefu.

Kinachoniuma ni kwamba lawama zote hubaki kwa anayeprinti. Bosi haulizi nani kachora, anauliza karatasi imeharibiwa na nani.

Kwa hiyo nasema wazi: faili likija bila CTB, bila leyauti (kurasa za kuprinti) zilizopangwa na bila PDF ambayo mchoraji mwenyewe ameikagua, nalirudisha. Atakayenuna anune.

Mwenye tempuleti yenye staili za kuchapishia zilizotulia, za safesi, profaili (mchoro wa mwinuko wa barabara) na koridoo (modeli ya barabara nzima), aitupie hapa. Na anayetaka kuniambia "zima leya tu" apite kimya kimya.