Naomba ushauri: mdogo wangu anataka kupanda minara ya umeme mkubwa

Ndugu zangu, hamjambo. Niko Lubumbashi, Katuba. Mdogo wangu amepata kazi kwa mkandarasi mmoja wa laini za kilovolti 220, kubadilisha vikombe vya kioo vinavyoshika nyaya. Mshahara si mbaya, mama ameshaanza kuupangia.

Kinachoninyima usingizi ni mkanda wa usalama waliompa: kamba moja tu, na mshono wa begani umefumuka. Akihamisha ndoano kule juu, hajashikwa na chochote. Chefu wao anasema laini ikizimwa hatari imekwisha. Wapi! Laini iliyozimwa huweza kupata umeme kutoka laini hai iliyo jirani. Ndiyo maana hupimwa kwanza, kisha hufungwa waya wa kupeleka umeme ardhini pande zote mbili za mahali pa kazi. Na ile hai haingoji uiguse, ukiikaribia mno umeme unaruka hewani.

Mnaoifahamu kazi hii, adai nini kabla ya kusaini? Kamba mbili, sawa. Lakini mtu akianguka akabaki ananing'inia, damu ikijikusanya miguuni, nani anapanda kumshusha upesi? Na akikataa kupanda bila hivyo vyote, sheria yetu ya kazi inamlinda?